Kubeba Bastola Twendapo Kazini

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa genge la njia katika mkutano wa tawi. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kwenye shifti na hawakuweza kufika.)



Halmashauri imeniomba niseme juu ya jambo moja tu, nami nitajaribu nisitoke nje ya reli. Wanachama watatu wamemwandikia Katibu. Wanaomba chama kiwape barua ya kuwatilia nguvu waende kuomba leseni ya bastola. Wa nne hakuandika, lakini sote tumemsikia wakati wa chai akisema kwamba yeye hataki leseni wala barua, amekwisha kupata mtu wa kumuuzia. Jina lake silitaji. Yuko hapa ndani, nami nafurahi kwamba amekuja.

Sababu zao twazijua, wala hakuna mtu wa kuwacheka. Njia ya miguu kutoka lango la yadi mpaka barabara ya matatu ni zaidi ya kilometa moja. Upande huu ni ukuta, upande ule ni mabehewa mabovu na nyasi ndefu. Taa zilikufa moja moja na hakuna aliyezifufua. Wenzetu wameporwa simu, viatu, hata kikapu cha chakula. Mwenzetu wa karakana alikatwa panga mkononi, na mpaka leo vidole vyake viwili havikunji. Ninyi mafundi mnajua maana yake. Mtu ambaye vidole vyake havikunji hashiki spana, na asiyeshika spana hukaa akingoja barua kutoka ofisini.

Kwa hiyo mtu akisema, "Ningekuwa na bastola siku ile," mimi siwezi kumwambia asiseme. Nami napita njia ile ile saa nane za usiku.

Walakini nataka tulipime jambo hili kama tunavyopima reli, kwa kipimo, si kwa jicho tu. Tuanze na sheria, maana ndiyo inayopitiwa upesi na watu.

Sheria ya silaha ya Kenya ni Sura ya 114. Ilitungwa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, na ingawa imerekebishwa mara nyingi bado inasimama juu ya msingi ule ule: silaha ni jambo la kuruhusiwa, si haki ya mtu. Ukitaka bastola lazima uonyeshe sababu nzuri ya kuwa nayo, na mwenye kutoa leseni lazima aridhike kwamba kukupa wewe hakutahatarisha amani ya watu. Mlevi hapewi. Mtu asiye na akili timamu hapewi. Leseni yenyewe si ya maisha, hufanywa upya. Mwezi wa Desemba 2018 serikali iliamuru wote wenye leseni wakaguliwe tena tangu mwanzo, hata wale waliokuwa nazo miaka mingi.

Kusema "njia yetu ina giza" ni sababu ya kweli, lakini ni sababu ya watu mia tatu. Ofisa atauliza: je, wewe peke yako, una hatari gani isiyompata jirani yako? Mwenye jibu la swali hilo aende. Kuna watu wenye jibu. Mtu aliyetoa ushahidi kortini na sasa anaandikiwa vitisho, huyo ana jibu. Mtu anayebeba fedha za wengine kila juma, huyo pengine ana jibu. Nasema chama kimsaidie mtu wa namna hiyo, kwanza kwa kwenda naye kituo cha polisi aandikishe vitisho vyake katika kitabu cha matukio na apewe namba ya OB, kwa maana bila namba hiyo maneno yake ni upepo.

Na wa bastola ya kichochoro je? Ndugu, hapa nitasema polepole.

Kukutwa na silaha bila leseni si kosa la kulipa faini ukarudi nyumbani. Sheria yenyewe yataja kifungo kisichopungua miaka 5. Kama ni bunduki ya aina ya vita, kama AK-47 au G3, adhabu yafika kifungo cha maisha. Haitoshi kumwambia hakimu, "Nilikuwa najilinda." Hukushtakiwa kwa kujilinda, umeshtakiwa kwa kuwa nayo. Nchi hii inajua uzito wa jambo hilo kuliko nchi nyingi. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 hakushtakiwa kwa kuua mtu. Alishtakiwa kwa kukutwa na bastola moja na risasi zake, na kwa mashtaka hayo alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ile ilikuwa sheria ya Hali ya Hatari, na hali hiyo imekwisha zamani. Naitaja ili mjue kwamba tangu zamani korti haikuuliza kwanza umefanya nini kwa silaha, iliuliza umeipata wapi na kwa ruhusa ya nani.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Bastola ya kichochoro ina historia. Haikutoka kiwandani jana. Imepita mikono, na mingine kati ya mikono hiyo ilikuwa ya majambazi. Polisi wana wataalamu wa kuchunguza risasi na maganda yake, nao huweza kujua kwamba ganda lililookotwa mahali fulani lilitoka katika silaha fulani. Wewe umenunua kitu cha kukulinda njiani, kumbe umenunua kesi ya mtu aliyeuawa mji mwingine kabla hujaijua hata sura ya muuzaji. Utaeleza nini? Utamtaja nani? Muuzaji hakukupa risiti.

Sasa natoka kwenye sheria, maana najua baadhi yenu mnasema moyoni, "Heri kifungo kuliko kaburi." Ni neno zito. Basi tuulize kama bastola kweli inakutoa kaburini.

Sisi watu wa reli tuna masimulizi yetu wenyewe juu ya bunduki. Wote mmesikia habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Watu husimulia jinsi yule mhandisi Patterson alivyowaua simba wawili mwezi wa Desemba, na hadithi huishia hapo, bunduki imeshinda. Lakini isomeni vizuri. Siku moja Patterson alikuwa na bunduki kubwa ya kuazima, simba akatokea mbele yake, akavuta, na bunduki haikulia. Mtu huyu alikuwa mwindaji, mchana kutwa akiwaza simba, na hata hivyo chombo kilimkatalia. Na alipowaua hakuwa akitembea njiani amechoka na mzigo begani. Simba wa kwanza alimwua akiwa amejenga mahali pa kukaa, ameketi macho, anangoja. Simba wa pili hakufa kwa risasi moja wala mbili.

Tena kuna kisa cha Kima, mwezi wa Juni mwaka 1900, kisichosimuliwa sana ingawa behewa lenyewe liko mpaka leo katika jumba la makumbusho la reli pale Nairobi. Atakaye aende alitazame, nami nimelitazama. Ofisa wa polisi jina lake Ryall alikuja stesheni ya Kima kuwinda simba aliyekuwa akila watu. Walikuwa wazungu watatu ndani ya behewa lililoegeshwa kando. Wawili wakalala, Ryall akashika zamu ya kwanza na bunduki yake. Inaaminika usingizi ulimchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, akamkamata Ryall, akatoka naye kwa dirisha. Bunduki ilikuwapo. Ruhusa ilikuwapo, maana yeye mwenyewe alikuwa polisi. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni macho, na macho ndiyo kitu cha kwanza anachopoteza mtu anayetoka shifti ya usiku.

Nafikiri juu ya Ryall kila nisikiapo mtu akisema "ningekuwa nayo." Mimi baada ya saa kumi na mbili za kunyanyua mataruma na kushindilia kokoto, mikono yangu inatetemeka nikishika kikombe. Wezi wa njia ile hawatangazi. Huja watatu au wanne, mmoja mbele anaomba moto wa sigara, wengine wanatoka nyuma ya behewa. Panga likiwa urefu wa mkono mmoja kutoka shingo yako, bastola iliyo ndani ya ovaroli, chini ya koti la mvua, iko mbali kama Kisumu. Na kama umeitoa tayari unatembea nayo mkononi, basi fikirini mtu mwingine anaona nini. Polisi wa doria anaona mtu gizani kandokando ya reli na bastola mkononi. Atakuuliza kadi ya chama kwanza? Na wananchi wakiona hivyo, mmoja akapiga kelele ya "mwizi," mnajua yanayofuata katika mitaa yetu. Tairi haliulizi swali.

Kuna jambo lingine. Simu yako mwizi anaitaka kwa elfu chache. Bastola yako anaitaka zaidi ya simu, zaidi ya mshahara wako, maana kwa hiyo atapata nyingine nyingi. Askari wameshambuliwa katika nchi hii kwa sababu ya silaha walizobeba, si kwa sababu ya fedha. Siku ile itakapojulikana kwamba watu wa shifti yetu wana bastola, na itajulikana, maana sisi hatuwezi kufunga mdomo hata juu ya ugali tuliokula jana, siku hiyo watakaokuja si wale vijana wa simu. Watakuja wengine, nao hawataomba moto wa sigara.

Haya, na ukifika kazini utaiweka wapi? Sheria inamtaka mwenye silaha aitunze isifikiwe na mtu mwingine. Makabati yetu mnayajua, mengine yanafungwa kwa waya. Utainama chini ya behewa na kitu chenye risasi kiunoni? Utampa mwenzako akushikie wakati unapanda juu? Basi umekwisha kuvunja sheria kabla ya chai ya saa nne.

Na nyumbani je? Hapa, Bwana Mwenyekiti, ndipo moyo wangu unapoingia hofu zaidi kuliko njiani. Wengi wetu tunakaa chumba kimoja au viwili. Watoto wanajua mahali sukari ilipofichwa, wanajua mahali noti ya elfu ilipofichwa, na baba anadhani hawatajua mahali bastola ilipo. Chini ya godoro? Juu ya kabati? Tena kuna sisi wenyewe watu wazima. Tusidanganyane. Kuna siku ya mshahara na kuna jioni ya siku ya mshahara. Kuna ugomvi na mke, kuna deni la Sacco, kuna siku ambazo mtu huketi peke yake na mawazo mabaya. Siku ya namna hiyo hupita, kesho yake mtu huamka akanywa uji. Lakini bastola ikiwa karibu haingoji kesho. Mwezi wa Desemba 2021 huko Kabete, Nairobi, askari polisi mmoja alimpiga risasi mke wake akafa, akatoka nje akaua watu wengine, kisha akajiua mwenyewe. Huyo alikuwa mtu aliyefundishwa silaha na kuapishwa juu yake. Nao Wamarekani, ambao wana bunduki nyumbani kuliko taifa lolote, zaidi ya nusu ya watu wao wanaokufa kwa risasi ni watu waliojiua. Silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya mgeni wa usiku mara nyingi humpata mwenyeji.

Nimeulizwa juu ya Westgate, na ni haki niulizwe. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipoingia katika jumba lile la maduka, watu 67 waliuawa, na kati ya wale wa kwanza kuingia kuwaokoa watu walikuwa raia wenye bastola za leseni. Watu wengi wako hai kwa sababu yao. Sikatai, na mtu akikataa hilo anasema uongo. Nasema tu kwamba watu wale walikwenda wakijua wanakwenda wapi, walikuwa wamejifunza kulenga shabaha, na wengine waliingia bega kwa bega na askari. Ilikuwa mchana. Kisa chetu ni cha giza, uchovu na mtu wa nyuma. Hayo ni mambo mawili, na la kwanza halilijibu la pili.

Tena ukifyatua, je? Tuseme yote yamekwenda vizuri, umeamka, umeiona hatari, chombo kimelia, mtu ameanguka. Korti ya Kenya itapima kujilinda kwako kwa kanuni zile zilizotoka sheria za Uingereza: hatari ilikuwa ya wakati ule ule, na nguvu uliyotumia ilikuwa ya kadiri yake. Mtu aliyekwisha kupora simu na sasa anakimbia, mgongo wake umekuelekea, huyo si hatari tena kwa maisha yako. Ukimpiga risasi ya mgongo unashtakiwa wewe. Sisi tuliosoma shule ya misheni twakumbuka kwamba hata Torati iliweka tofauti kati ya mwizi anayepigwa usiku akivunja nyumba na yule anayepigwa jua limekwisha kuchomoza. Si jambo geni. Lakini mnadhani mtu aliyetetemeka kwa hofu dakika moja iliyopita atasimama kupima kama mgongo umegeuka au haujageuka? Mkuki kwa nguruwe mtamu, twasema. Yule kijana aliyeanguka ana mama yake katika mtaa ule ule tunaokaa sisi, na pengine ulipanga foleni naye ya maji.

Sasa, katika halmashauri dada yetu mmoja wa kusafisha mabehewa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Wewe kaka, ukiniambia nisibebe kitu, utanisindikiza?" Yeye hutoka nyumbani saa kumi za alfajiri, peke yake. Wanaume wa shifti yetu hutembea watano, sita. Yeye hutembea na Mungu wake.

Swali hilo ndilo mkutano huu umeitiwa, na barua za bastola zimetuletea tu. Mtu hana haki ya kumnyang'anya mwenzake kinga kisha akaenda zake kulala. Kama sisi tunasema hapana kwa bastola, lazima tuseme ndiyo kwa kitu kingine, na kitu hicho kionekane kwa macho kabla ya mwezi kwisha.

Narudi tena Tsavo, mniwie radhi, maana kuna sehemu moja ya habari ile ambayo chama cha wafanyakazi kingepaswa kuiandika ukutani. Wale makuli waliokuwa wakiliwa usiku hawakuomba kila mmoja bunduki yake. Tarehe 1 Desemba 1898 walimwendea Patterson wote pamoja, wakamwambia hawatakaa tena kwa hali yoyote, wao walikuja kufanya kazi ya serikali, hawakuja kuwa chakula cha simba. Mamia wakalisimamisha treni kwa kujilaza juu ya reli, wakapanda, wakaondoka. Waliobaki hawakugusa kazi ya reli karibu majuma matatu. Kazi yao ikawa moja, kujenga mahali pa kulala ambapo simba hafiki, juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa, hata kuchimba mashimo ndani ya mahema na kuyafunika kwa magogo. Kazi ya daraja ilisimama. Bunduki ya Patterson ilimaliza simba, sikatai, lakini iliyowaokoa watu wasife katika majuma yale ni kukaa mahali palipo salama na kukataa kazi mpaka mahali hapo papatikane. Hawakuwa na chama, hawakuwa na sheria ya kuwasaidia, na wengi hawakujua hata lugha ya bwana wao.

Sisi tuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wanaofanya kazi hapo. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu anapaswa kuiarifu kwa mkubwa wake, na haifai kumrudisha mahali pa hatari ile kabla haijaondolewa. Njia ya ndani ya lango ni mahali petu pa kazi bila shaka yoyote. Ya nje ya lango tutabishana na wakubwa, nao watasema ni ya serikali ya kaunti. Basi tuanze na ya ndani, ambayo hawawezi kuikana, na barua ya pili iende kaunti siku ile ile.

Halmashauri inaleta mambo haya mbele yenu, nami nayaunga mkono. Kwanza taa: tumezihesabu zilizokufa, ni 14, na nguzo 2 hazipo kabisa. Barua imeandikwa na inangoja sahihi zenu, si ya Katibu peke yake. Pili nyasi na yale mabehewa mabovu, yahamishwe au yazungushiwe waya, maana ndiyo maficho. Tatu saa za shifti. Hakuna sababu ya wasafishaji kuingia saa kumi na moja kasoro ikiwa treni ya kwanza wanayoisafisha huingia yadi baadaye. Kuisogeza saa hiyo mpaka kupambazuke kungemtoa dada yetu gizani. Hili nadhani tutalipata bila vita, kwa maana haliwagharimu kitu.

Nne ni kutembea pamoja. Hapa nisiwafiche neno. Kutembea pamoja kunafaa kwa wale wanaokwenda upande wa barabara ya matatu. Wale wachache wanaovuka reli kwenda mitaa ya ng'ambo hawatafaidika nako sana, maana baada ya daraja la miguu kila mtu ana kichochoro chake. Kwao hatujapata jibu zuri. Kumetolewa wazo la kuomba gari la kampuni liwashushe, na kumetolewa wazo la kuzungumza na polisi wa reli wapite pale saa za kubadilishana shifti. Mwenye wazo la tatu alilete.

Jambo la fedha ni dogo lakini nalisema. Siku hizi mshahara waingia benki au M-Pesa, hakuna tena meza ya malipo na bahasha kama walivyolipwa wazee wetu. Mwizi anataka simu na namba yako ya siri. Mwenye kuweka salio lote katika simu anayotembea nayo usiku anabeba bahasha ile ile ya zamani. Acha simu ndogo iwe ya njiani. Na ukiporwa, toa. Kijana wa karakana alikatwa kwa sababu alishikilia mfuko, na ndani ya mfuko, ameniruhusu niseme, kulikuwa na sufuria tupu.

Kwa wale watatu walioandika: naomba kura ya mkutano iwe kwamba chama hakiandiki barua ya jumla ya bastola kwa mwanachama yeyote, ila kitamsaidia mtu mwenye vitisho vyake binafsi vilivyoandikishwa polisi, baada ya halmashauri kumsikiliza. Mwanachama anayeamua kuomba kwa jina lake mwenyewe ni mtu mzima, sheria imemfungulia mlango huo, na hakuna atakayemwita msaliti. Kwa yule wa nne, nitakuwa nyumbani kwangu Jumapili mchana kutwa, na chai ipo. Kama amekwisha kulipa rubani ya kwanza, heri aipoteze hiyo. Tena serikali imewahi kuwaruhusu watu kurudisha silaha kwa hiari, na mwezi wa Novemba 2016 pale Ngong zilichomwa bunduki 5,250 mbele ya Naibu wa Rais. Hata kama mtu alikuwa nayo tayari mkononi, kuna wakili anayeweza kuulizwa njia ya kuitoa kabla polisi hawajaja kuitafuta.

Bwana Mwenyekiti, orodha ya wa kutembea pamoja iko kwa Katibu, imegawanywa kwa shifti. Nafasi ya alfajiri, ya kumsindikiza dada yetu na wenzake wawili, inahitaji watu wanne kwa juma, na mpaka sasa kuna majina mawili, moja ni langu. Tochi zimenunuliwa 6 kutoka mfuko wa tawi. Wa shifti ya saa nne wasiondoke kabla hawajanipata pale mlangoni, maana betri nimeziweka mfukoni mwangu.